Calvin Johnson na hesabu ngumu ya kazi ya mpokeaji

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2012, katika uwanja wa Ford Field mjini Detroit, Calvin Johnson, mpokeaji wa Detroit Lions katika futiboli ya Kimarekani, alidaka pasi iliyovunja rekodi ya tangu mwaka 1995. Mpokeaji Jerry Rice alikuwa amekusanya yadi 1,848 za kupokea pasi ndani ya msimu mmoja. Johnson aliumaliza msimu ule na yadi 1,964. Aliuchukua mpira wenyewe, akakimbia hadi kando ya uwanja na kumkabidhi baba yake. Mechi ile Detroit Lions walifungwa na Atlanta Falcons 31 kwa 18. Msimu mzima walishinda mechi 4 na kupoteza 12.

Aliyezoea kandanda atauliza swali la haki kabisa: inakuwaje mchezaji mmoja awe na msimu bora kuliko wote waliowahi kucheza nafasi yake, halafu timu yake iwe miongoni mwa zilizovurunda? Jibu limefichwa ndani ya kazi yenyewe. Mpokeaji wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani ana kazi ambayo karibu kila kipimo chake kinategemea mtu mwingine, na maisha ya Johnson ndiyo mfano ulio wazi zaidi ninaoujua wa jinsi kazi hiyo inavyojengwa, inavyolipwa na inavyokwisha.

Tuanze uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100 ukiacha maeneo mawili ya kufungia, na upana wa karibu mita 49. Yadi moja ni kama sentimita 91. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayeamua mpira uende wapi. Husimama nyuma ya ukuta wa wanaume watano wazito wanaomkinga, na kwa kawaida ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, kabla hajafikiwa. Wapokeaji hujipanga mbali naye, kuelekea pembeni, kila mmoja akitazamana na beki aliyepewa kazi moja tu: kumzuia asipate mpira.

Mtazamaji mgeni huona mtu anakimbia, mpira unarushwa, anadaka. Ukweli ni kwamba kabla mchezo haujaanza kila mpokeaji amepewa njia yake, na njia hiyo ina vipimo. Atakimbia yadi 12, atakanyaga kwa mguu wa nje, atakata kuelekea ndani. Njia za msingi zimepewa namba tangu zamani, kuanzia 0 hadi 9, na namba 9 ndiyo ile ya kukimbia moja kwa moja hadi mwisho. Mara nyingi kwotabeki anaachia mpira kabla mpokeaji hajageuka, kwa hiyo anaurusha mahali ambapo bado hakuna mtu. Mpokeaji akichelewa nusu hatua, mpira unaangukia mikononi mwa adui, na lawama zitamwendea kwotabeki ingawa kosa si lake.

Kuna ugumu zaidi ya huo. Njia nyingi za kisasa zina uchaguzi ndani yake: beki akisimama hivi, kata kulia, akirudi nyuma, simama na ugeuke. Mpokeaji na kwotabeki wanatakiwa kumsoma beki yuleyule, wakati uleule, na kufikia uamuzi mmoja bila kusemeshana. Ndiyo maana mpokeaji mwenye mbio za ajabu anaweza kukaa benchi miaka miwili. Mbio amezaliwa nazo, ila kusoma hajajua.

Kisha kuna beki mwenyewe. Sheria inamruhusu kumgusa na kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 za mwanzo tu. Zaidi ya hapo ni faulo. Sheria hii ya mwaka 1978, iliyoanza kusimamiwa kwa ukali zaidi mwaka 2004, imebadilisha kazi ya mpokeaji kuliko kipaji cha mtu yeyote. Don Hutson wa Green Bay Packers, mwaka 1942, alipata yadi 1,211 katika mechi 11, enzi ambazo mabeki waliruhusiwa kumbughudhi mtu njia nzima. Kwangu mimi idadi ile inastahili heshima sawa na 1,964 za Johnson, na yeyote anayezipanga rekodi kwa ukubwa bila kuuliza sheria za wakati huo zilikuwaje anawadhulumu wazee.

Johnson alikulia Tyrone, mji mdogo wa jimbo la Georgia, akasoma Georgia Tech, na mwaka 2006 akatwaa tuzo ya Biletnikoff inayotolewa kwa mpokeaji bora wa vyuo. Urefu wake ulikuwa mita 1.96, uzito zaidi ya kilo 105, na yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.35. Watu wa mwili ule kwa kawaida ni wazito na wa taratibu; wenye kasi ile kwa kawaida ni wafupi. Mchezaji mwenzake wa Lions, Roy Williams, alimbandika jina la Megatron, roboti lile la katuni, na jina likamganda.

Wachezaji wa vyuo hawajichagulii timu. Kila mwaka timu 32 hupokezana kuchagua katika raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi inatangulia. Mwaka 2007 Oakland Raiders walichagua wa kwanza wakamchukua kwotabeki JaMarcus Russell, ambaye kufikia 2010 alikuwa ameachwa na timu. Detroit waliokuwa wa pili wakamchukua Johnson. Hapa ndipo hatima ya mpokeaji inapoandikwa, siku ambayo yeye hana kauli: mwenye kipaji kikubwa anapelekwa kwa timu dhaifu, na timu huwa dhaifu mara nyingi kwa sababu haina kwotabeki.

Msimu wake wa pili, 2008, Lions walipoteza mechi zote 16. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, kupoteza mechi 16 kati ya 16. Pasi zilirushwa na Jon Kitna, akaumia. Wakaja Dan Orlovsky na Daunte Culpepper. Katikati ya maafa yale Johnson alipata yadi 1,331 na tachidauni (kufunga kwa kuufikisha mpira katika eneo la kufungia) 12, idadi ya tachidauni ambayo hakuna mpokeaji mwingine aliyeizidi mwaka ule. Mwaka 2009 Lions walimchagua Matthew Stafford, naye akacheza mechi 10 msimu wa kwanza na 3 tu msimu wa pili kwa sababu ya majeraha. Kwa hiyo miaka minne ya mwanzo ya mtu huyu, miaka ambayo miguu ya mpokeaji iko katika ubora wake, ilitumika kudaka mipira ya watu waliokuwa wakibadilishana zamu.

Stafford alipopona, mwaka 2011, kila mtu aliona tofauti. Tarehe 2 Oktoba mjini Dallas, Lions walikuwa nyuma 27 kwa 3 wakashinda 34 kwa 30, na katika mechi hiyo Johnson alidaka tachidauni akiwa amezungukwa na mabeki watatu. Aliruka tu juu yao. Stafford alikuwa amejifunza jambo ambalo makwotabeki wengine hufundishwa wasilifanye: kumrushia mtu aliyebanwa, kwa kuamini kwamba huyu hata akibanwa yuko huru. Johnson alifunga msimu ule na yadi 1,681 na tachidauni 16, na Lions wakaingia hatua ya mtoano. Walitolewa na New Orleans Saints, mechi ambayo yeye peke yake alipata yadi 211.

Sasa turudi kwenye ule msimu wa rekodi. Timu inayoongoza hupenda kukimbiza mpira mikononi, maana saa inaendelea kutembea na wapinzani wanakosa muda. Timu iliyo nyuma hulazimika kurusha. Lions wa 2012 walikuwa nyuma mara nyingi sana, na Stafford akarusha pasi 727, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna kwotabeki aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja. Pasi 204 kati ya hizo zilielekezwa kwa Johnson. Alidaka 122. Kushindwa kwa timu ndiko kulikomletea pasi nyingi hivyo. Rekodi na aibu vilitoka tumbo moja. Hilo halimpunguzii kitu. Mabeki wote wa ligi walijua mpira unakwenda kwake, wakamwekea watu wawili kila wiki, na bado akapata yadi karibu 123 kwa mechi.

Lakini tachidauni zake msimu ule zilikuwa 5 tu. Mara kadhaa aliangushwa hatua moja au mbili kabla ya mstari, kisha mwenzake akamalizia. Kuna watu walizitumia hizo 5 kusema kwamba msimu ule haukuwa mkubwa kama unavyosifiwa. Mimi naona zinathibitisha kinyume: yadi zinaonyesha mtu alivyofanya kazi, tachidauni zinaonyesha mara nyingi mpira ulimkuta wapi. Na kuna kazi ambayo haiandikwi kabisa. Johnson akikimbia njia namba 9 na mabeki wawili wakamfuata, katikati panabaki wazi na mwenzake anadaka bila bughudha. Kwenye karatasi ya takwimu Johnson ana sifuri.

Mtihani mzuri wa hoja hii ulikuja miaka tisa baadaye. Mwaka 2021 Stafford alihamia Los Angeles Rams, akakutana na Cooper Kupp, mpokeaji aliyechaguliwa raundi ya tatu kutoka Eastern Washington, chuo ambacho wengi hawajakisikia. Kupp hana urefu wa Johnson wala kasi yake. Alidaka pasi 145 kwa yadi 1,947, yadi 17 pungufu ya rekodi, ingawa ligi ilikuwa imeshaongeza mechi moja na kuwa 17. Rams walichukua ubingwa na Kupp akawa mchezaji bora wa fainali. Wapokeaji wawili wasiofanana kwa chochote, kwotabeki mmoja, na misimu miwili yenye yadi nyingi kuliko mingine yote katika historia ya ligi. Anayetaka kumpima mpokeaji aanze kwa kuuliza nani alikuwa anamrushia.

Hata neno “kudaka” lina mgogoro wake, na Johnson ndiye aliyeubeba. Tarehe 12 Septemba 2010 mjini Chicago, zikiwa zimebaki kama sekunde 24, Lions walikuwa nyuma 19 kwa 14. Shaun Hill alirusha mpira kwenye eneo la kufungia, Johnson akauchukua juu ya beki kwa mikono miwili, akatua kwa miguu yote miwili, akaketi, akaubonyeza mpira ardhini kwa mkono mmoja wakati anainuka, mpira ukabaki pale chini. Mwamuzi alikataa. Sheria ilisema mpokeaji anayeanguka wakati anadaka lazima aumiliki mpira hadi mwisho wa kitendo chote cha kuanguka. Marejeo ya video hayakubadilisha uamuzi, na mechi ikapotea.

Kwa sheria jinsi ilivyoandikwa, mwamuzi alikuwa sahihi. Sheria ndiyo iliyokuwa na kasoro: ilimnyima mtu kile ambacho macho ya kila mmoja yalikiona. Januari 2015 Dez Bryant wa Dallas Cowboys alikumbwa na sheria hiyohiyo kule Green Bay, katika mechi ya mtoano. Ligi iliirekebisha Machi 2018. Siku hizi mpokeaji anatakiwa aumiliki mpira, aguse ndani ya uwanja kwa miguu miwili au sehemu nyingine ya mwili, kisha afanye kitendo cha kimchezo kama hatua ya tatu au kunyoosha mkono kuelekea mstari, au awe na nafasi ya kukifanya. Suala la kuanguka limeondolewa. Marekebisho yalimkuta Johnson ameshastaafu miaka miwili.

Alistaafu tarehe 8 Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 30. Msimu uliotangulia alikuwa amedaka pasi 88 kwa yadi 1,214 na tachidauni 9, takwimu ambazo wapokeaji wengi hawazifikii hata mara moja. Tangazo lake liliwashangaza watu waliokuwa wakizitazama takwimu na kuusahau mwili wake. Goti lilimsumbua na likafanyiwa upasuaji baada ya msimu wa 2013, kifundo cha mguu kilimtesa 2014, vidole vyake viliwahi kuteguka mara kwa mara. Baadaye alieleza waziwazi jinsi dawa za kutuliza maumivu zilivyokuwa zikipatikana kirahisi katika vyumba vya timu, na jinsi alivyokuwa akitembea kwa shida asubuhi za Jumatatu.

Mpokeaji mrefu hulipia urefu wake. Akiruka kudaka mpira wa juu, mbavu na miguu vinabaki wazi kwa beki anayekuja kwa kasi kutoka upande asiouona, na kila akishuka ana zaidi ya kilo mia za kutua nazo. Kwa mtu anayerushiwa pasi 204 kwa msimu, huo ni msururu wa ajali ndogondogo. Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na ushee kama urefu wa maisha ya mchezaji katika NFL, na misimu mitatu ndiyo inayohitajika ili mtu aanze kuwa na haki ya pensheni. Johnson alicheza misimu tisa. Kwa viwango vya kazi yake hakuondoka mapema.

Hapo ndipo fedha zinapoingia, na hapa wasomaji wengi hupotezwa na vichwa vya habari. Machi 2012 Johnson alisaini mkataba uliotangazwa kuwa wa miaka minane wenye thamani ya hadi dola milioni 132. Neno la kuzingatia ni “hadi”. Katika NFL sehemu kubwa ya mshahara wa miaka ya mbele si ya uhakika. Timu inaweza kumwachisha mchezaji na deni la miaka iliyobaki likafutika. Fedha zilizodhaminiwa kwenye mkataba ule zilikuwa milioni 60. Nyingine zilikuwa ahadi iliyotegemea goti na kifundo cha mguu.

Sehemu ya pili ya fumbo ni kikomo cha mishahara, ambacho kimekuwepo tangu 1994. Kila timu ina kiasi kimoja cha kutumia kwa wachezaji wote. Mwaka 2016 kilikuwa kama dola milioni 155, na Johnson peke yake angechukua takriban milioni 24. Ili kukwepa mzigo mkubwa mwaka wa kwanza, timu humlipa mchezaji bonasi ya kusaini mara moja, lakini katika vitabu vya ligi huigawa kwa miaka, isiyozidi mitano. Mchezaji anazo fedha mkononi, ila kihesabu bado “hajazifanyia kazi” zote. Akiamua kustaafu kwa hiari kabla miaka hiyo haijaisha, makubaliano ya ligi yanairuhusu timu kudai sehemu iliyobaki.

Lions walidai. Johnson alirudisha zaidi ya dola milioni moja, na uhusiano wake na timu ukavunjika kwa miaka mingi. Barry Sanders, mkimbiaji mkubwa wa timu hiyohiyo aliyestaafu 1999 akiwa na miaka 31, alikuwa amepitia madai ya aina hiyo kabla yake. Kisheria timu ilikuwa na haki. Ila sheria inayompa mtu haki ya kudai haimlazimishi kudai, na mtu aliyeubeba mzigo wa msimu wa mechi 16 bila ushindi, ambaye jezi zake zilijaza uwanja wakati hapakuwa na sababu nyingine ya kuujaza, alistahili kuagwa vizuri. Timu nyingine zimewahi kusamehe. Hii hawakusamehe, na naiona bado ni doa kwao.

Ukimweka kando ya Jerry Rice, picha inapanuka. Rice alicheza misimu 20, mechi 303, akaondoka na yadi 22,895, karibu mara mbili ya 11,619 za Johnson. Ukigawa kwa mechi, hata hivyo, Johnson ana yadi 86 na Rice 76. Rice hakuwa mtu wa mbio za kutisha. Alikuwa hodari wa njia, aliyejulikana kwa kukimbia mlima kila majira ya mapumziko, na alitua San Francisco alikomkuta Joe Montana, kisha akapokelewa na Steve Young, makwotabeki wawili walioko wote katika Ukumbi wa Umaarufu, ule wa magwiji wa mchezo huu. Alichukua ubingwa mara tatu. Johnson alicheza mechi mbili tu za mtoano katika maisha yake yote na kupoteza zote. Kazi ya Rice ilikuwa kubwa kuliko ya Johnson, hilo halina ubishi kwangu, lakini tofauti ya mataji kati yao hainiambii lolote kuhusu nani alikuwa anadaka vizuri zaidi.

Waliopiga kura za Ukumbi wa Umaarufu kule Canton, Ohio, inaonekana waliliona hilo. Mwaka 2021 Johnson aliingizwa katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili, bila ubingwa, bila ushindi hata mmoja wa mtoano, akiwa na miaka 35.

Na wapokeaji waliofuata wamejifunza kwenye mkataba. Mwaka 2024 Justin Jefferson wa Minnesota Vikings alisaini nyongeza ya miaka minne ya dola milioni 140, na milioni 110 kati ya hizo zikiwa na dhamana. Mwaka 2025 Ja’Marr Chase wa Cincinnati Bengals akapata milioni 161 kwa miaka minne. Katika mkataba wa Johnson fedha za uhakika hazikufika nusu. Kwa Jefferson ni karibu asilimia 79. Wameacha kudai miaka minane inayopendeza kwenye magazeti, sasa wanadai michache ambayo timu haiwezi kuikimbia, kisha wanarudi mezani mapema, kabla magoti hayajaanza kuamua kwa niaba yao.